Limita ya RPM kwenye gari ya spoti: jinsi ya kuendesha bila kuigonga hovyo

Ukikanyaga mafuta mpaka chini ukaacha mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) upande tu, kuna mahali gari inaanza kukohoa, tatatata, spidi haiongezeki na ukizidi kukanyaga nayo inazidi kukohoa. Usishtuke, hakuna kilichokatika. Hiyo ni limita. Kompyuta ya injini imeona RPM zimefika kikomo ikakata mafuta, au ikakata moto wa plagi, RPM zikishuka kidogo inarudisha, zikipanda inakata tena, ndo hiyo tatatata unayoisikia. Magari mengi mapya yenye pedali ya umeme yanaanza kujifunga yenyewe taratibu kabla hayajafika pale, kwa hiyo hutasikia kelele sana, utaona tu gari imekufa nguvu ghafla na ukadhani ni kitu kingine.

Kwanini iwepo? Pistoni inapanda inasimama inashuka, zaidi ya mara mia moja kwa sekunde ukiwa kwenye RPM za juu, na nguvu inayoivuta konrodi (chuma kinachoshika pistoni kwa chini) haipandi sawa na RPM, inapanda kwa mraba wake. Yaani ukitoka 7,000 kwenda 8,000 RPM zimeongezeka kama asilimia 14 tu ila mzigo kwenye konrodi na bolti zake umeongezeka karibu asilimia 30. Halafu kuna valvu, springi zake zikishindwa kurudisha valvu kwa wakati, pistoni inaweza kuikuta bado iko wazi, na hapo bwana unaongelea injini nyingine.

Sasa kuendesha. Kitu cha kwanza, acha kusikilizia limita ndio ubadilishe gia. Kila ukiigonga umepoteza muda, maana kwa hiyo nusu sekunde gari haisukumi kabisa. Jua injini yako inatoa nguvu ya juu kwenye RPM ngapi, ipo kwenye kitabu cha gari. Honda S2000 ya mwanzo, ile ya lita 2.0, nguvu yake ya juu iko 8,300 na mstari mwekundu, yaani mwisho wa RPM salama kwenye geji, uko karibu na 9,000, hiyo unaivuta mpaka karibu na mwisho na inakulipa. Turbo nyingi za barabarani ni tofauti kabisa, nguvu inaanza kushuka mapema kabla ya nyekundu, kuing'ang'ania mpaka limita ni kelele tu, badilisha mapema ukae kwenye toki, yaani RPM ambazo injini inavuta vizuri. Kujua utaangukia wapi chukua RPM ulizonazo, zidisha na uwiano wa gia unayoenda, gawanya na uwiano wa gia uliyopo. Mfano gia ya pili ni 2.0 na ya tatu ni 1.5, ukibadilisha kwenye 7,000 unaangukia 5,250. Kama hapo injini bado ina pumzi we badilisha tu, kama imelala basi vuta kidogo zaidi.

Na usiuamini mshale sana kwenye gia ya kwanza. RPM zinapanda haraka mno, ukishaona mshale umefika pale, ubongo ukaamua, mguu ukabonyeza klachi, ushagonga zamani. Gia ya kwanza anza kubadilisha RPM mia kadhaa kabla, gia za juu una nafasi ya kusubiri. Jifunze kwa sikio. Injini zingine ni laini mno hazikwambii kitu, Mazda RX-8 ya manyuo inabidi ikupigie mlio ukikaribia nyekundu, kwasababu injini yake ya rotari, isiyo na pistoni za kupanda na kushuka, inapanda kimyakimya tu.

Kwenye kona ndo watu wanasahau. Uko katikati ya kona umebana mafuta vizuri, limita ikakata, ghafla injini inaanza kuvuta kama breki. Uzito unaenda mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, na kama gari inasukuma kwa tairi za nyuma inaweza kuzunguka na wewe hujagusa kitu. Kwa hiyo ukiona gia uliyonayo haitakutosha mpaka utoke kwenye kona, panda gia moja kabla hujaingia hata kama utatoka na RPM za chini. Mimi bora nitoke taratibu kuliko nishangae katikati. Kuigusa limita kidogo mwisho wa kipande kifupi kilichonyooka kabla ya kufunga breki, hiyo sio mbaya, wakati mwingine inakuokolea kubadilisha gia mara mbili, ila gari iwe imenyooka.

Halafu hili la muhimu kuliko yote, limita inakulinda ukiwa unapanda tu, haikulindi ukishusha gia vibaya. Uko ya tatu kwenye 7,000, unataka ya nne, mkono unavuta kuelekea kushoto ukaingia ya pili. Kwa uwiano ule ule wa juu injini inatakiwa izunguke zaidi ya 9,300. Kompyuta itakata mafuta, sawa, lakini anayezungusha injini sasa ni tairi, sio mafuta. Ukihisi kichwa kinavutwa mbele bonyeza klachi hapohapo, ingawa mara nyingi inakuwa too late. Dawa yake ni usikamate gia kwa ngumi, ya tatu kwenda ya nne vuta na vidole tu moja kwa moja nyuma, springi za gia zenyewe zinaipeleka kwenye mstari wa katikati. Gia boksi za otomatiki za kisasa zinakataa kushusha kama RPM zitapita, hapo manyuo inakuachia mwenyewe.

Asubuhi injini ya baridi usiisogeze karibu na huko, oili bado nzito na mshale wa joto la maji unatangulia, oili inachelewa kupata joto. Na kukaa umegonga limita umesimama ili watu wasikie milipuko, kama limita yako inakata moto wa plagi, mafuta yasiyoungua yanaenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi (kile kichujio cha moshi, catalytic converter), na masega sio bei rahisi. Fundi akikwambia anaweza kukupandishia limita kwa laptop ni kweli anaweza, ni dakika chache tu, muulize springi za valvu na bolti za konrodi anabadilisha lini.