Ukuta wa kiwanja cha 20 kwa 30 Dar: kuanzia bikoni hadi linta

Ukuta wa uzio huponzwa na mambo mawili kabla hata ya ubovu wa tofali: umevuka mpaka ukabomolewa, au maji yamekosa pa kupita yakausukuma. Yote mawili yanaamuliwa kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa simenti. Mfano wetu ni kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mzunguko ni mita 100. Toa geti la mita 4 na mlango mdogo wa mita 1, zinabaki mita 95.

Hatua ya 1: Mpaka
Tafuta bikoni (alama za mpaka zilizowekwa na mpima) zote nne. Ikikosekana hata moja, mwite mpima ardhi mwenye leseni airudishe. Fundi asikisie kwa kufuata ukuta wa jirani, maana jirani akiwa amekosea, nawe umekosea. Vuta kamba majirani na mjumbe wakiwepo. Msingi wote, pamoja na upana wa zege, ukae ndani ya kamba yako.

Unapakana na barabara kuu? Sheria ya Barabara ya 2007 inahifadhi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kando ya mto au bahari, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Mita hizo si za kubishania: mto kama Msimbazi unamega kingo kila masika.

Hatua ya 2: Kibali
Anzia serikali ya mtaa, kisha nenda mipango miji katika halmashauri yako: Jiji, Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni. Beba nakala ya hati au ofa, ramani ya kiwanja na mchoro wa ukuta unaoonyesha urefu, msingi na geti. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, usimpe mtu fedha mkononi. Kibali kikitoka, nakala ikae saiti.

Hatua ya 3: Udongo na maji
Chimba mashimo matatu ya majaribio, kina cha mita 1, kwenye kona ya juu, ya chini na katikati. Ukikuta mchanga, mtaro wa msingi wenye kina cha sentimita 70 unatosha, ila kingo zitamomonyoka, kwa hiyo chimba na kumwaga zege siku hiyo hiyo. Ukikuta mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi, shuka hadi udongo usiopasuka, na ukate ukuta kila mita 12 kwa nguzo mbili zilizoachana sentimita 2. Mfinyanzi huvimba masika na kusinyaa jua likiwaka. Ukuta mrefu usiokatwa utajikata wenyewe, tena mahali usipopataka.

Kisha tazama maji ya mvua yanaingilia wapi na kutokea wapi. Upande wa chini weka vipande vya bomba la inchi 3 juu kidogo ya ardhi, kila mita 2, yakielekea kwenye mtaro wa barabara, si kwa jirani. Msingi uchimbwe Juni hadi Septemba, kabla ya vuli.

Hatua ya 4: Msingi, nguzo, tofali
Mtaro upana sentimita 45. Zege ya chini sentimita 15 (1:3:6, yaani simenti moja, mchanga tatu, kokoto sita), kozi (mistari) 3 za tofali za kulaza, bimu (mkanda wa zege yenye nondo) ya sentimita 23 kwa 20, kozi 8 za tofali za kusimama, linta (mkanda kama huo, juu ya ukuta) ya sentimita 15. Bimu ipite chini ya geti pia, la sivyo nguzo za geti zitaachana na geti litakwaruza chini.

Nguzo kila mita 3, na kwenye kona na geti: jumla 36. Nondo moja ya mita 12 inatoa miguu minne ya mita 3, yaani nondo moja kwa nguzo moja, na ncha ya chini inakunjwa ndani ya zege ya msingi. Kosa baya kuliko yote ni kusimamisha nondo juu ya bimu baadaye. Nguzo hiyo haina mizizi.

Hatua ya 5: Hesabu
Tofali za inchi 6: kila kozi 207, kozi 11 ni 2,277, nunua 2,400.
Simenti kwa mifuko: zege ya chini 28, bimu 28, nguzo 34, linta 14, kujengea 50. Jumla 154, weka 160. Plasta pande zote mbili, ongeza 40.
Nondo: milimita 12 vipande 36, milimita 10 vipande 56 kwa bimu na linta. Ringi (pete za kushika nondo) na waya wa kufungia hesabu kando.

Bei hupanda na kushuka, hivyo zidisha kwa bei ya siku. Mfuko ukiwa shilingi 16,000, mifuko 160 ni 2,560,000. Uliza maduka matatu, bei iwe pamoja na usafiri. Fundi mlipe kwa hatua: msingi, nguzo na tofali, linta, plasta.

Maswali yanayoulizwa

*Niko Goba, kiwanja kina mteremko mkali. Nifuate mteremko?*
Hapana mkuu. Kata msingi kwa ngazi, kila ngazi ilale sawa kwa pimamaji. Na kama upande mmoja udongo utajaa zaidi ya nusu mita, huo si uzio tena, ni ukuta wa kuzuia udongo. Tafuta mhandisi.

*Kigamboni karibu na ufukwe, mchanga upo pale pale. Nichanganyie huo?*
Usithubutu, dada. Chumvi inakula nondo, kutu inavimba, zege inapasuka. Tumia mchanga wa mto, na nondo zifunikwe na zege sentimita 5.

*Naweza kuruka plasta kwanza?*
Unaweza, lakini linta usiiruke. Inafunga vichwa vya nguzo na kuzuia mvua isiingie ndani ya tofali.

*Tofali nitajuaje ni nzuri?*
Liangushe kutoka usawa wa kiuno kwenye udongo mgumu. Likivunjika vipande, rudisha. Waulize pia limemwagiliwa siku ngapi. Chini ya 7 usipakie.