Katikati ya mwaka, mzazi asikie nini? Mwongozo wa mwalimu wa darasa

Kwa miaka mingi, mzazi akiona namba yangu kwenye simu salamu ilikuwa moja: "Mwalimu, amefanya nini tena?" Hata habari za asubuhi hatujapeana. Sikumlaumu. Mwanzoni mwa mwaka tulimwita kwenye kikao, tukamsomea kanuni na mahitaji, kisha tukanyamaza. Tulipomtafuta tena, mtoto kapigana, katoroka au kafeli. Mtu unayemtafuta kwa mabaya tu, akiona namba yako lazima moyo umdunde.

Mwongozo huu ni wa kuziba kimya hicho. Nimeupanga jinsi ninavyofanya mwenyewe kwenye darasa la wanafunzi 48, bila mfumo wa kompyuta wala karani: daftari, simu, na nusu saa kila wiki.

Hatua ya 1: Jua unayemtafuta ni nani

Namba zilizoandikwa siku ya kuandikishwa huwa zimechakaa ifikapo katikati ya mwaka. Laini zimebadilishwa, baba kahamishwa kikazi, mtoto siku hizi analala kwa shangazi. Chukua daftari jipya, mpe kila mwanafunzi nusu ukurasa: jina, namba inayopatikana leo, saa ambayo mtu wake ana nafasi, na mistari mitupu ya kuandika tarehe na mlichoongea.

Kisha muulize kila mtoto swali hili, mmoja mmoja, si mbele ya darasa: "Usipofanya kazi ya nyumbani, nani nyumbani atajua?" Utashangaa. Kwenye fomu ameandikwa baba, lakini anayefungua daftari kila jioni ni dada mkubwa. Andika wote wawili, na utenganishe kazi zao. Dada anaweza kupata ujumbe wa mazoezi. Habari nyeti, kama afya au mwenendo, zinakwenda kwa mzazi au mlezi aliyesajiliwa, basi.

Wazazi wanaoishi mbalimbali wapate ujumbe uleule siku ileile, isipokuwa ofisi ya shule ina maelekezo tofauti kwa maandishi. Ukimwambia mmoja tu umeshaingia kwenye ugomvi usioujua.

Angalia pia mzazi ambaye hajibu maandishi hata siku moja lakini hupiga simu mara tu anapoyapata. Huenda kusoma kunamsumbua. Usimuulize. Mtumie sauti isiyozidi dakika moja, na uandike kwenye daftari: "sauti".

Hatua ya 2: Sita kwa wiki

Wanafunzi 48, sita kila wiki, wiki nane kila nyumba imefikiwa. Dakika tano kwa kila mmoja ndiyo ile nusu saa. Mimi hutuma Alhamisi jioni, ili mzazi awe na siku za mapumziko mbele yake za kukaa na mtoto.

Usianze na watukutu. Nafuata orodha ya mahudhurio, ila kutoka chini kwenda juu, kwa sababu wale ambao majina yao yako mwishoni mwa alfabeti wamezoea kufikiwa na mwalimu aliyekwisha kuchoka.

Hatua ya 3: Andika ujumbe unaomhusu mtoto mmoja

Hapa ndipo kazi ilipo. Tazama ujumbe huu, wa aina tuliyozoea kutuma:

"Ndugu mzazi, unakumbushwa kufuatilia maendeleo ya mwanao kitaaluma na kinidhamu. Ushirikiano wako ni muhimu. Uongozi."

Mzazi afanye nini na haya? Hajui mtoto amekwama wapi, wala leo jioni aanzie wapi. Anachosikia ni kwamba analaumiwa. Sasa huu:

"Habari za jioni. Mwanao ameelewa kuzidisha sehemu, ila kujumlisha bado anakwama. Leo akuonyeshe zoezi la Jumatano, hesabu ya 4. Mwl. wa darasa."

Ujumbe huu una mambo matatu: anachoweza, anapokwama, na kitu kimoja cha kufanya usiku huohuo. Mzazi hahitaji kujua sehemu zinajumlishwaje. Anahitaji kusema tu, "Hebu nione hesabu ya nne," na mtoto ajue kwamba nyumbani na shuleni wanaongea.

Usiogope kutaja penye kasoro. Watafiti Matthew Kraft na Todd Rogers walifanya jaribio nchini Marekani kwenye masomo ya likizo kwa wanafunzi wa sekondari waliokuwa wanarudia kozi walizofeli. Kila wiki mwalimu aliandika sentensi moja kwa mzazi. Walioshindwa kufaulu kozi walishuka kutoka asilimia 15.8 hadi 9.3, na sentensi zilizoeleza cha kurekebisha zilifanya kazi zaidi ya zile za sifa tupu. Sentensi moja tu kwa wiki! Mimi sifa siziachi, kwa sababu ndizo zinazomfanya mzazi afungue ujumbe unaofuata, lakini siishii hapo.

Sasa mambo madogo ya simu yanayokula pesa. Ujumbe mfupi wa kawaida unabeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ule wa hapo juu una 143. Ukiweka kikaragosi (emoji) kimoja cha kutabasamu, kikomo kinashuka hadi 70, na ujumbe unakatwa vipande vinavyolipiwa kimoja kimoja. Kitu kilekile huweza kutokea kwa neno lenye ng' ukilinakili kutoka kwenye programu ya kuandikia, kwa kuwa programu hizo hupenda kugeuza alama hiyo iwe ya kupinda. Iandike upya ikiwa imenyooka. Niligundua hilo baada ya salio kuniishia katikati ya orodha.

Kuna mtoto utakayemfikia kwenye orodha, kalamu ikagoma. Si mtukutu, si hodari, hajawahi kukosa, hajawahi kunyoosha mkono. Huna la kuandika. Usimtungie "anaendelea vizuri". Kosa hapo si la ujumbe, hujamwona mtoto. Mruke wiki hiyo, kaa karibu na dawati lake, fungua daftari lake, muulize swali moja au mawili, kisha andika. Watoto wa katikati ndio wanaomaliza mwaka mzima bila nyumbani kwao kusikia neno.

Hatua ya 4: Mahudhurio kwa idadi, si kwa lawama

Wazazi wengi hawajui mtoto amekosa siku ngapi. Leo kaumwa kichwa, wiki iliyofuata kulikuwa na msiba, mwezi uliofuata mvua. Kila siku ina sababu yake na hakuna anayezijumlisha. Jijini Philadelphia, Todd Rogers na Avi Feller walichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi zaidi ya 28,000: nyumba zilizotumiwa barua zenye jumla ya siku ambazo mtoto amekosa zilikuwa na watoto wachache zaidi wenye utoro sugu, pungufu kwa asilimia 10 au zaidi. Barua tu, zenye namba ndani.

Kwa hiyo fungua daftari la mahudhurio na uhesabu. "Tangu muhula uanze, mwanao amekosa siku 7 kati ya 62." Usiongeze kitu. Katika nchi kama Marekani kukosa siku 1 kati ya 10 ndiyo mstari wa hatari, hivyo huyu wa siku 7 keshaupita. Mara nyingi mzazi atapiga mwenyewe: "Mwalimu, saba kweli? Mimi nina mbili." Hapo mazungumzo yameanza, na hukumgombeza mtu.

Hatua ya 5: Hali ya mtoto, kwa simu, na mtoto akijua

Masomo yanaweza kwenda kwa maandishi. Ustawi hauendi kwa maandishi. Mzazi akisoma saa tano usiku kwamba mwanawe "hayuko sawa", halali, na wewe simu umeizima.

Katikati ya mwaka ndipo mabadiliko yanapoonekana, kwa sababu sasa unamjua mtoto alivyokuwa. Usitafute ugonjwa, tafuta tofauti: aliyekuwa akicheka amenyamaza, aliyekaa na wenzake sasa yuko peke yake mapumziko, tumbo linauma kila siku ya somo fulani, mwandiko umeharibika, analala. Andika tarehe. Siku moja mbaya ni siku mbaya. Wiki mbili mfululizo, piga simu. Lakini mtoto akitamka habari za kujidhuru, usisubiri wiki wala siku: usimwache peke yake, mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha au mkuu wa shule saa hiyohiyo.

Kabla ya kupiga, mwambie mtoto. "Nataka kuongea na mama kuhusu huu usingizi. Kuna kitu ungependa nimwambie, au nisimwambie?" Mara nyingine jibu lake linabadilisha simu yote. Usimwahidi siri, kwa sababu kuna mambo hutaruhusiwa kuyaficha.

Ukipiga, toa wasiwasi kwanza, kabla ya salamu ndefu: "Mtoto ni mzima, yuko darasani, hajafanya kosa." Kisha sema ulichoona kwa macho. "Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita amelala mara tatu kipindi cha kwanza." Usiseme ana msongo wa mawazo, usiseme mvivu, wewe si daktari, na neno likishatoka kwa mwalimu linamganda mtoto. Halafu uliza, "Huko nyumbani mnamwonaje?" na unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kama huna subira.

Nilipouliza hivyo mara moja, mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema bibi anaugua, hivyo familia imehamia kwake kumuuguza, na mtoto anaamka saa kumi alfajiri ili awahi. Mimi nilikuwa nimeshaandika "simu usiku?" kwenye daftari langu. Nikayafuta maneno hayo. Tulikubaliana alale mapema na nimhamishe akae mbele. Kama mzazi anataka kipimo, mpe hiki cha wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani cha mwaka 2016: miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12 za usingizi, miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10.

Funga simu kwa siku ya kuongea tena, na uipige siku hiyo hata kama mambo yametulia. Simu hii ya pili ndiyo inayobadilisha salamu.

Kuna wakati hutakiwi kupiga kabisa. Mtoto akikuambia, au mwili wake ukikuonyesha, kwamba anaumizwa na mtu wa nyumbani, simu yako inaweza kumrudisha kwa anayemuumiza akiwa ameshachongewa. Sikiliza, usimhoji kama polisi, andika maneno yake kama alivyoyasema, na umpelekee siku hiyohiyo anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni. Nyumbani wataambiwa na nani, lini, na nini, si wewe peke yako wa kuamua.

Hatua ya 6: Kundi la WhatsApp libaki la ratiba

Kundi ni zuri kwa tarehe za mitihani, siku ya michezo, na basi lililochelewa. Si zuri kwa habari ya mtoto yeyote, hata iwe nzuri. Mwaka mmoja nilipiga picha karatasi ya matokeo ya mtihani wa katikati ya muhula nikaitupia kundini, nikidhani ninaokoa muda. Majina 48, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Usiku ule binti aliyeshika mkia alichekwa na majirani ambao hata hawasomi naye. Hakuja shule siku tatu. Niliifuta, lakini wangapi walikuwa wameshaihifadhi? Nilikwenda kwao kuomba radhi, na baba yake alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Kumbuka pia kwamba kundini kila mmoja anaona namba za wenzake. Wasiotaka, watumie kwa orodha ya matangazo (broadcast), ila uwaambie wahifadhi namba yako, la sivyo ujumbe hautawafikia. Na wazazi wajue unajibu saa ngapi. Mimi najibu hadi saa moja na nusu jioni. Ya dharura wapige.

Hatua ya 7: Asiyepatikana

Jaribu nyakati tatu tofauti kwa siku tatu tofauti kabla ya kuandika "hapatikani". Anayefanya kazi za usiku hawezi kupokea saa nne asubuhi. Ikishindikana, mpe mtoto kikaratasi chenye habari njema tu, asiwe na sababu ya kukipoteza njiani, na chini yake uandike: "Nina jambo dogo la kuongea nawe, saa gani nikupigie?" Au mkute anapokuja kumchukua mtoto, mvute pembeni, mbali na wazazi wengine. Mzazi mmoja nilimsaka wiki tano hivi. Nilipompata langoni aliniambia namba yangu aliiona kila mara, akaogopa kupokea. Nikamweleza hesabu za mwanawe zimepanda, na kwamba kwa wiki tano hilo ndilo nililotaka kumwambia.