Somo: Snapshoti na bakapu zinazojiendesha zenyewe kwenye Linux

Wakuu, juzi nilikuwa Kibaigwa kwenye mashine ya kukamua alizeti ya shemeji yangu. Karani alikuwa anapanga majina ya wakulima kwa alfabeti kwenye faili la mizani, akachagua safu ya majina peke yake. Majina yakahama, kilo zikabaki palepale. Mzee aliyeleta magunia 9 akasomeka kaleta 31, na karani keshasevu. Bakapu ya usiku ingetupotezea mizigo yote ya asubuhi ile. Snapshoti ya saa nne, yaani picha ya mafaili yalivyokuwa saa hiyo, ikarudisha faili kabla mzee hajamaliza kubishana na mpima mizani.

Nilivyoifunga ni hivi. Kompyuta ina Ubuntu, na hesabu zote zinakaa kwenye diski yake ya pili.

1. Fomati diski hiyo kwa Btrfs, mfumo wa mafaili unaoweza kupiga snapshoti. Amri hii inafuta kila kitu, kwa hiyo hakiki jina la diski kwa `lsblk` kwanza:

`sudo mkfs.btrfs -L data /dev/sdb`

Tengeneza folda `/data`, kisha ongeza mstari huu kwenye `/etc/fstab` (orodha ya diski za kufunguliwa kompyuta ikiwaka) na uwashe upya:

`LABEL=data /data btrfs defaults,noatime 0 0`

2. Weka programu mbili, Snapper ya kupiga snapshoti na restic ya bakapu, kisha itambulishe `/data` kwa Snapper:

`sudo apt install snapper restic`
`sudo snapper -c hesabu create-config /data`

3. Fungua `/etc/snapper/configs/hesabu`, upange idadi za kubakiza:

`TIMELINE_CREATE="yes"`
`TIMELINE_LIMIT_HOURLY="12"`
`TIMELINE_LIMIT_DAILY="7"`
`TIMELINE_LIMIT_WEEKLY="4"`
`TIMELINE_LIMIT_MONTHLY="3"`
`TIMELINE_LIMIT_YEARLY="0"`

Halafu washa saa zake:

`sudo systemctl enable --now snapper-timeline.timer snapper-cleanup.timer`

4. Kurudisha faili ni kunakili tu. `sudo snapper -c hesabu list` itakupa namba. Tuseme ni 41:

`sudo cp -p /data/.snapshots/41/snapshot/mizani.ods /data/`

Wengi wanaishia hapa, na hapa ndipo wanapolia. Snapshoti inakaa kwenye diski ileile. Diski ikifa, au kompyuta ikiibwa, inaondoka nazo zote. Kwa hiyo tafuta eksteno (diski za nje) mbili, uzipe lebo moja, zote zifungukie `/mnt/eksteno`. Moja inabaki kwenye mashine, nyingine inakaa kwangu Dodoma mjini. Tunabadilishana kila Jumamosi.

5. Andika neno la siri kwenye `/root/.siri`, kisha andaa ghala la bakapu kwenye kila eksteno:

`sudo restic -r /mnt/eksteno/ghala --password-file /root/.siri init`

6. Weka amri hizi mbili kwenye skripti `/usr/local/bin/bakapu.sh`, uipe ruhusa ya kuendeshwa:

`restic -r /mnt/eksteno/ghala --password-file /root/.siri backup /data --exclude /data/.snapshots`
`restic -r /mnt/eksteno/ghala --password-file /root/.siri forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 6 --prune`

Usisahau hiyo `--exclude`, la sivyo itapitia kila snapshoti moja moja na hutamaliza leo.

7. Tengeneza mafaili mawili ya systemd, kipanga kazi cha Linux: `bakapu.service` ya kuita skripti, na `bakapu.timer` yenye mistari hii:

`OnCalendar=*-*-* 02:00:00`
`Persistent=true`

Hiyo 02:00 ni saa nane usiku yetu. Mara ya kwanza mimi niliandika 08:00 nikidhani ndiyo saa nane. Kazi ikaanza saa mbili asubuhi, foleni ya wakulima ikiwa mlangoni. `Persistent` ni kwa ajili ya umeme: kompyuta ikikuta saa yake imepita ikiwa imezimwa, itafanya kazi hiyo ikiwaka.

8. Mara moja kwa mwezi rudisha kweli, kwenye folda ya pembeni, ufungue faili kwa macho yako:

`sudo restic -r /mnt/eksteno/ghala --password-file /root/.siri restore latest --target /tmp/jaribio`

MASWALI

Mkuu, snapshoti 12 za masaa si zitajaza diski?
Hapana, mwanzoni hazichukui karibu chochote, kwa sababu Btrfs inahifadhi kilichobadilika tu. Ila ukifuta video ya GB 20, nafasi hairudi mpaka snapshoti zinazoishikilia zifutwe. Angalia kwa `sudo btrfs filesystem usage /data`.

Mimi natumia MySQL dukani. Snapshoti inatosha?
Snapshoti ya databesi inayofanya kazi ni sawa na umeme kukatika ghafla: mara nyingi inaamka, lakini usiiwekee dhamana. Weka `mysqldump` (amri ya kutoa nakala ya databesi) mwanzoni mwa skripti, faili lake liingie `/data`.

Kaka, nikisahau neno la siri la restic?
Hakuna wa kukufungulia. La kwetu limeandikwa kwenye karatasi, liko kwenye bahasha moja na hati ya shamba.

Kwa nini eksteno mbili? Moja si inatosha?
Dada, ile iliyochomekwa inapigwa na radi pamoja na kompyuta. Virusi wa kufunga mafaili nao wanaifikia hiyohiyo. Iliyoko kabatini Dodoma hawana waya wa kuifikia.