Sukuma-vuta: kupanda mahindi pamoja na desmodiamu na matete

Ukiwa na shamba la mahindi lenye kiduha (striga, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi) na funza wa mabua, kabla ya kufikiria dawa panda mimea miwili zaidi: desmodiamu (mmea wa jamii ya kunde unaotambaa) katikati ya mistari ya mahindi, na matete (nyasi za nepia) kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwasukuma mbali nondo wanaotaga mayai ya funza hao kwenye mahindi, na ile ya matete huwavuta wakatage huko. Funza akijaribu kutoboa bua la tete hukutana na utomvu unaonata, na wengi hufia humo. Chini ya ardhi, mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha kisha huzuia kimizizi chake kisishike mahindi, kikafa kingali kichanga. Watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, waliiendeleza mbinu hii Mbita, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1990, wakishirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza.

1. Pima kipande. Upande mmoja usizidi mita 50, kwa sababu matete ya pembeni hayatawavuta nondo walio mbali katikati. Shamba likiwa kubwa, ligawe. Mfano wetu ni mita 20 kwa 20.

2. Panda matete kwanza. Yakitangulia, yatakuwa marefu kuliko mahindi wakati nondo wanapotafuta pa kutaga. Weka mistari mitatu kuzunguka shamba lote, sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya mashina. Tumia pingili zenye vifundo vitatu, uzilaze mshazari, vifundo viwili vikiwa ardhini. Kwa mfano wetu utahitaji vipande 450 hivi. Acha mita 1 wazi kabla ya mstari wa kwanza wa mahindi. Ukibana hapo, matete yatayanyima mahindi mwanga na rutuba. Sehemu zenye mvua chache, badala ya matete panda nyasi ya malisho ya brakiaria, aina ya Mulato II, pamoja na desmodiamu ya majani ya kijani, ambayo huvumilia ukame kuliko ile yenye mstari wa rangi ya fedha.

3. Sia desmodiamu mvua zinapoanza. Hapa ndipo mashamba mengi huharibikia. Mbegu ni ndogo sana, na ikifukiwa chini haitoki. Lainisha udongo kama wa kitalu cha mboga, funga kamba kwenye vigingi ili mstari unyooke, kisha chora kifereji cha sentimita 1 hadi 2 kwa kijiti. Changanya kipimo kimoja cha mbegu na viwili vya mchanga mkavu, umwage kidogo kidogo na kufunika kwa udongo mwembamba. Ekari moja inahitaji kilo 1. Katikati ya mfano wetu (mita 15 kwa 15) gramu 60 zinatosha. Usifanye kazi hii bila kamba. Desmodiamu itakaa hapo miaka mitatu au zaidi, na mistari ikipinda, kila msimu jembe litaikata.

4. Panda mahindi katikati ya mistari ya desmodiamu, sentimita 75 kwa 30, pamoja na samadi kwenye shimo. Maharage unaweza kuyaweka kwenye shimo la mahindi.

5. Palilia wiki ya tatu na ya tano. Miche ya desmodiamu hufanana na magugu, na mpaliliaji asiyeijua huing'oa yote asubuhi moja. Mwonyeshe kwanza: majani matatu kwenye kikonyo kimoja, yenye vinywele. Aina moja ina mstari wa rangi ya fedha katikati ya jani. Nyingine ina vidoa vya hudhurungi. Karibu na mche palilia kwa mkono, jembe liishie kando ya mahindi. Kiduha kikijitokeza, king'oe kabla hakijatoa maua, maana mmea mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu.

Msimu wa kwanza usitarajie makubwa. Desmodiamu inapaswa kufunika ardhi kwanza.

6. Kata matete yakifika mita 1 hadi 1.5, ukiacha sentimita 10 juu ya ardhi. Anza na mstari ulio karibu na mahindi, na usikate mistari yote mitatu kwa pamoja, kwa kuwa siku hiyo nondo watabaki na mahindi tu. Shina la tete linalodumaa na kuwa la njano ling'oe na mizizi yake, wala usichukue pingili kutoka hapo.

7. Baada ya mavuno, zuia mifugo isiingie. Ng'ombe wakilishwa humo hula desmodiamu hadi kwenye mizizi na kuikanyaga. Ni afadhali kukata na kuwapelekea zizini. Msimu unaofuata usilime shamba zima. Punguza desmodiamu, kisha chimba mashimo kwenye mistari ileile ya mahindi. Ikitambaa hadi kuyafunika mahindi machanga, ipunguze tena.