Seva Inapowakataa Wafanyakazi kwa Sababu ya Leseni

Seva ya Windows inapodai kwamba hakuna seva ya kutoa leseni za Remote Desktop, yaani huduma ya kutumia seva kutoka mbali, kazi husimama katika matawi yote kwa mpigo. Katika chama cha akiba na mikopo chenye makao makuu Kisumu, kwa mfano, karani wa Ahero na mwenzake wa Bondo hushindwa kufungua akaunti za wanachama ilhali stima ipo na intaneti haina shida. Mara nyingi tatizo hili huzuka takriban miezi minne baada ya seva kuwekwa, kwa kuwa huduma ya Remote Desktop Session Host, yaani seva ya vikao inayowapokea wafanyakazi, huruhusiwa kutumika bila leseni kwa siku 120 tu.

Msimamizi hajafungiwa nje. Akiandika mstsc /admin, amri ya kufungua Remote Desktop kama msimamizi, ataingia, kwani nafasi mbili za usimamizi hazihitaji leseni, ingawa si halali kuzigeuza kuwa njia ya makarani kufanyia kazi zao za kila siku.

Akishaingia, aendeshe lsdiag.msc, chombo cha kuchunguza hitilafu za leseni, na asome maelezo yote kabla ya kugusa chochote. Hapa ndipo wengi hupotea: leseni zimenunuliwa na stakabadhi ipo, lakini seva inayowapokea wafanyakazi haijaelezwa leseni hizo ni za aina gani wala inapaswa kuziomba wapi. Ili kuielekeza, fungua gpedit.msc, kihariri cha sera za Windows, ufuate Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Remote Desktop Services, Remote Desktop Session Host, kisha Licensing. Andika jina la seva ya leseni hata kama ni mashine hiyo hiyo, chagua aina ya leseni, halafu uendeshe gpupdate /force na kuiwasha seva upya.

Aina yenyewe yataka kufikiriwa vizuri, na ni afadhali ifikiriwe kabla ya fedha kutolewa. Zahanati ambayo wahudumu wa zamu tatu hutumia tarakilishi moja ya mapokezi hufaidika na Per Device, inayohesabu mashine. Afisa wa mikopo anayetumia tarakilishi ya ofisini na nyingine ya kubebwa anafaa Per User, inayohesabu watu. Hata hivyo, Per User hutegemea kikoa cha Active Directory, yaani mfumo wa Windows unaosimamia akaunti na tarakilishi za ofisi kwa pamoja, na pasipo kikoa, Windows Server 2019 na matoleo yaliyofuata hukata kila kikao baada ya dakika 60. Kwa hiyo ofisi ndogo isiyo na kikoa ichague Per Device. Toleo nalo lizingatiwe: leseni za 2016 hazifai kwa seva ya 2022, ilhali za 2022 huweza kutumika kwenye seva ya 2016.

Mipangilio ikiwa sawa na kosa likaendelea, fungua licmgr.exe, programu ya kusimamia leseni, uthibitishe kwamba seva ya leseni imeamilishwa na bado ina leseni za kutoa. Ikiwa iko kwenye mashine nyingine, hakikisha milango ya mtandao ya TCP 135 na 49152 hadi 65535 haijazibwa kati yake na seva ya vikao.

Tarakilishi moja tu ikikataliwa huku nyingine zikikubaliwa, hitilafu iko kwenye tarakilishi hiyo. Kwenye tarakilishi hiyo, fungua rejesta ya Windows (regedit), hifadhi nakala ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\MSLicensing, ufute sehemu hiyo, kisha uendeshe mstsc mara moja kwa mamlaka ya msimamizi.

Kuna wanaoshauri kufuta rekodi ya GracePeriod, inayohesabu muda wa kutumia bila leseni, ili siku 120 zianze upya. Naomba usifanye hivyo, kwani unavunja masharti ya leseni na kuahirisha tatizo lile lile. Vilevile, usifungue mlango wa 3389, unaotumiwa na Remote Desktop, kwa intaneti nzima kwa ajili ya majaribio. Mnamo Julai 2024 Microsoft ilitoa kiraka (sasisho la usalama) cha CVE-2024-38077, udhaifu mkubwa katika huduma hii hii ya leseni, na seva isiyo na kiraka hicho isasishwe kwanza.

Hatimaye jaribu kuingia kwa akaunti ya karani wa kawaida kutoka tawini, bila /admin, kwa sababu kuingia kwa njia ya usimamizi hakuthibitishi kwamba leseni inatolewa.