Jinsi ya kujua rifali kongwe ya mitutu miwili ilitengenezewa risasi gani

Jirani yangu hapa Birmingham, mama wa Kizanzibari, alifiwa na mumewe. Walipopanga vitu vya marehemu wakakuta darini kasha la ngozi, na ndani yake rifali ya mitutu miwili ya babamkwe. Polisi walishaarifiwa, na muuza silaha mwenye leseni akaikagua na kuitunza. Mama alibaki na swali moja: "Mwanangu, hii ilikuwa inakula risasi gani?" Mpwa wake alikuwa ameshamjibu. Aliona namba 38 chini ya mtutu, akamwambia ni ile .38 ya bastola. Ncha ya kidole cha mwisho inaingia kwenye huo mtutu!

Ninaorodhesha silaha kongwe kwa wanaozirithi na wanaozikusanya, na swali hili naulizwa kila mara. Hapa Uingereza jibu lake lina uzito wa kisheria: kanuni za mwaka 2021 zina orodha ya risasi zilizopitwa na wakati, na bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1 Septemba 1939 kwa risasi iliyomo kwenye orodha hiyo inaweza kuhifadhiwa kama pambo bila cheti. Ukikosea jina la risasi, umeingia matatani. Mwongozo huu ni wa kutambua tu, si wa kupiga. Na kama ulichorithi ni gobore, hauhusiki, maana gobore hushindiliwa kwa mdomoni na halina chemba, yaani ile nafasi ya nyuma ya mtutu inayokaa risasi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni tupu

Ifungue, chungulia mitutu yote miwili, pitisha ufito wa mbao kutoka mdomoni hadi nyuma. Halafu vua mitutu kutoka kwenye kitako.

Hatua ya 2: Soma sehemu bapa chini ya mitutu

Geuza mitutu. Karibu na chemba kuna sehemu mbili bapa zilizojaa mihuri midogo. Usisugue kwa msasa! Kitambaa chenye mafuta mepesi na tochi ya kumulika kwa ubavu vinatosha.

Namba kama 38, 24 au 52 si kipenyo. Ni hesabu ya zamani: goroli ngapi za risasi, zinazoenea kwenye mtutu huo, zinatoka kwenye ratili moja ya madini ya risasi. Kwa hiyo namba ikipanda, tundu linapungua. 12 ni inchi 0.729, 24 ni 0.579, 38 ni 0.497, 52 ni 0.447. Ile "38" ya mpwa ilikuwa bunduki ya nusu inchi. Kumbuka pia kwamba namba hii inasema tundu la mtutu tu. Urefu wa ganda la risasi na umbo lake haikwambii, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Tafuta kitu kingine kilicho muhimu kuliko namba: herufi NP, zilizoanza kutumika mwaka 1904 kuonyesha kwamba mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Ukikuta neno CORDITE na namba mbili, kwa mfano 70 na 480, hizo ni greni 70 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) za kodaiti, aina ya baruti isiyo na moshi, na greni 480 za kichwa cha risasi. Bunduki hiyo si ya baruti nyeusi, ile ya zamani yenye moshi. Andika kila unachokiona, hata usichokielewa, na piga picha.

Hatua ya 3: Chukua umbo la chemba

Wapo wanaokwepa hatua hii kwa kujaribujaribu maganda mpaka moja liingie. Usifanye hivyo. Ganda fupi huingia kwenye chemba ndefu bila kulalamika, nawe utaondoka umefurahi na jibu la uongo. Wapo pia wanaomimina kwenye chemba salfa iliyoyeyushwa ili igande kwa umbo lake, kama mafundi wa zamani. Inafanya kazi, lakini inanuka, inavunjika, na ikizidi moto inawaka. Mimi ni mtu wa Cerrosafe, na sibadiliki.

Cerrosafe ni mchanganyiko wa metali unaoyeyuka kati ya nyuzi joto 70 na 88 za Selsiasi, yaani chini ya maji yanayochemka. Weka vipande kwenye kopo safi, kopo ulitie kwenye sufuria ya maji ya moto. Sufuria hiyo isirudi jikoni tena, kwa sababu ndani ya mchanganyiko huu mna madini ya risasi na kadimi, ambayo ni sumu. Fungua madirisha, vaa glavu.

Safisha chemba mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha pitisha tone la mafuta mepesi, tone tu. Mafuta mengi yanaacha mikunjo kwenye umbo. Kutoka mdomoni, sukuma kitambaa kilichoviringwa vizuri mpaka kisimame kama inchi moja mbele ya mwisho wa chemba, ili upate pia kipande cha mifuo, ile michirizi ya ndani ya mtutu. Simamisha mitutu wima, chemba juu, mimina metali polepole kwa mkondo mmoja.

Sasa hapa. Rifali hizi zina kitoa maganda, kile kipande kinachonyanyua ganda ukifungua bunduki. Mara yangu ya pili kufanya kazi hii nilimimina mpaka juu kabisa, metali ikafurika ikaingia kwenye mwanya wa kitoa maganda na kuganda humo. Umbo likawa limejifunga kama meno. Nilisukuma, nikagonga, nikatoka jasho. Fundi mmoja akanishauri nipashe mtutu kwa moto wa gesi. Namshukuru Mungu sikumsikiliza, kwa sababu mitutu miwili imeunganishwa kwa ubavu uliotiwa lehemu laini ya bati, ambayo huanza kulegea karibu na nyuzi 183. Ukiilegeza, mitutu inaachana, na ile kazi ya kuielekeza yote miwili ipige sehemu moja, ambayo fundi wa Birmingham au London aliifanya kwa siku kadhaa, imekwisha. Suluhisho lilikuwa birika: maji ya moto sana juu ya chemba, tena na tena, mpaka metali ikayeyuka ikatoka yenyewe. Saa nne zilinipotea, halafu nikatumia saa nzima kukausha mitutu na kuipaka mafuta isishike kutu.

Kwa hiyo acha kumimina kabla ya kufika kwenye mwanya huo. Ukingo wa ganda utaupima moja kwa moja kwenye chuma.

Jambo jingine ni saa. Metali hii inapoganda hunywea kidogo kwa nusu saa ya kwanza, halafu huanza kutanuka. Itoe ndani ya hiyo nusu saa, kwa kusukuma taratibu na ufito wa mbao kutoka mdomoni, la sivyo itabana. Halafu iache mezani. Saa moja tangu imiminwe ndipo inalingana na chemba. Ukipima kesho utapata vipimo vikubwa kuliko ukweli. Weka kengele ya simu.

Rudia kwenye mtutu wa pili. Ndiyo, najua. Rudia tu, mmoja unaweza kuwa umewahi kutengenezwa upya.

Hatua ya 4: Pima

Vernia kalipa ileile uliyoichukia kidato cha kwanza. Ya chuma, si ya plastiki. Pima urefu, kipenyo cha nyuma, kipenyo cha mbele, na angalia kama umbo linashuka moja kwa moja au lina bega na shingo. Chemba huwa kubwa kidogo kuliko ganda lake, kwa hiyo usitegemee namba kamili.

Hatua ya 5: Linganisha na majina

Waingereza waliandika ganda kwanza, kichwa cha risasi baadaye: .577/450 ya bunduki ya Martini-Henry ni ganda la .577 lililobanwa shingo mpaka .450. Wamarekani walikuwa na mtindo wao. .45-70 ya mwaka 1873 ni kipenyo, kisha greni 70 za baruti nyeusi. Ukizichanganya mbili hizi utapotea.

Umbo la mama lilikuwa limenyooka bila shingo, milimita 76 na kidogo, yaani inchi 3. Hiyo ni .500 ya inchi 3.

Lakini ipi? Baruti isiyo na moshi ilipokuja, watengenezaji hawakuyatupa maganda ya zamani. Mwaka 1898 John Rigby wa London alichukua ganda la .450 la inchi 3¼, lililokuwa la baruti nyeusi, akalitia kodaiti. Ganda la .500 nalo lina sura mbili hivyohivyo. Kwa nje ni pacha, ndani shinikizo ni tofauti kabisa, na mtutu wa baruti nyeusi unaweza kupasuka. Umbo la chemba halitakwambia tofauti hiyo hata ukipima mara mia. Rudi kwenye mihuri ya hatua ya 2.

Ya mama haikuwa na NP, wala CORDITE, na mitutu ilikuwa na yale mawimbi ya chuma kilichosokotwa. Baruti nyeusi, ile ya moshi mzito uliowafichua askari waliobeba bunduki za Mauser za 1871 upande wa Wajerumani pale Tanga, Novemba 1914.

Hatua ya 6: Andika kibandiko

Kwa uzi, si kwa gundi: ".500, ganda la inchi 3, baruti nyeusi pekee, hakuna muhuri wa NP", pamoja na tarehe ya kupima. Nakala kwa muuza silaha, ndiye atakayelinganisha jina na orodha ya serikali. Umbo la Cerrosafe nilitaka kuliyeyusha nilitumie tena, mama akakataa. Liko kwenye kabati la vyombo, karibu na picha ya babamkwe, na wageni wanadhani ni mshumaa.