MCA ukitaka kiti kingine, anzia Katiba

Mheshimiwa MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti), kabla hujachapisha mabango, kaa kitako. Kazi yangu ni kuandika barua na kujaza fomu hapa Malindi, si mbali na Bunge la Kaunti ya Kilifi. Mwaniaji akifika mezani simuulizi chama. Namuuliza wataka kiti gani.

Ukitetea wadi yako, au ukitaka ugavana, njia ni nyeupe. Kifungu cha 193 cha Katiba chamzuia afisa wa serikali kuwania wadi, ila MCA kimemtoa. Na cha 180 chasema anayestahili kuwa MCA ndiye anayestahili kuwania ugavana. (Shahada ya chuo kikuu pia, usinichoshee wino.)

Kigingi kiko kwenye ubunge, useneta na kiti cha mwakilishi wa kike. Kifungu cha 99 chamzuia afisa wa serikali, na aliyesamehewa humo ni mbunge peke yake. MCA ametajwa waziwazi miongoni mwa wanaozuiwa, na cha 260 chamhesabu pia kuwa afisa wa serikali. Wengi hunijia na kifungu cha 43 cha Sheria ya Uchaguzi: kujiuzulu miezi sita kabla hakutuhusu! Kweli, hiyo ni ya walimu na machifu. Lakini sheria hiyo iko chini ya Katiba, na mabishano haya yameshafika mahakamani. Basi kabla ya kulipa ada ya chama, mlipe wakili akusomee hukumu, kisha waandikie IEBC, tume ya uchaguzi, wakujibu kwa maandishi. Uliyoambiwa kwenye kahawa pale Shella hayaingii kwenye faili.

Ukiamua kujiuzulu, barua ni ya Spika, si ya chama. Sentensi moja yatosha: najiuzulu uwakilishi wa wadi fulani kuanzia tarehe fulani. Tia sahihi, toa nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yako. Kuna wanaotaka kurasa tatu za shukrani. Nawaandikia, kwa kuwa nalipwa kwa ukurasa.

Na ukikosa tiketi kwenye mchujo ukaona uwe mgombea huru, tazama kalenda. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na kifungu cha 85 chataka uwe umetoka chamani si chini ya miezi mitatu kabla, yaani mapema Mei. Ukihama chama kilichokuchagulisha, kifungu cha 194 chakutoa kwenye kiti, na mshahara unakatika kampeni zikiwa zimepamba moto. Hakikisha pia jina lako limefutwa kwa Msajili wa Vyama. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wanachama wa vyama wasivyovijua; angalia lako kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen.